Sahani ya Saba

Vipande vilikuwa kumi na vitatu. Khulood alivihesabu mara mbili kwa ncha ya kalamu, bila ya kuvigusa, kama alivyozoea miaka kumi na mitano katika kitengo cha vielelezo cha polisi, kabla hajavua gwanda na kwenda kufanya uchunguzi kwa niaba ya mawakili. Kaure nyeupe, safi, haina hata ua. Vilitandazwa juu ya gazeti, na gazeti juu ya meza ya ofisi ya Talal, ghorofa ya nne, mtaa wa Al Khuwair. Chini barabarani magari ya watumishi wa serikali yalikuwa yakisukumana kuelekea wizarani, maana Jumapili ndiyo mwanzo wa wiki na kila mtu alikuwa amechelewa.

"Umevipata wapi?"

"Kwenye begi la Pelagia. Chini kabisa, ndani ya soksi."

"Nani alifungua begi?"

"Mimi mwenyewe."

"Mbele ya shahidi gani?"

"Mwenyezi Mungu ndiye shahidi."

"Huyo ni shahidi wa kila mtu, Bwana Talal. Mimi nataka mwenye jina na nambari ya kitambulisho."

Talal alirekebisha kofia yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mfanyabiashara wa marumaru, mpole wa sauti, dishidasha yake imepigwa pasi ikasimama kama ubao. Kwa sauti hiyohiyo ya upole, Ijumaa jioni, alimwita mwizi mwanamke aliyemuuguzia mama yake kwa miaka sita.

Khulood aliyajua hayo kwa Paulina, anayesafisha ofisi ya wakili ambaye Khulood humfanyia kazi, na kusali kanisa moja na Pelagia. Paulina hakulia. Alisema tu, huku anakamua tambara: "Dada Khulood, leo usiku wanampandisha ndege, na jina la mwizi mgongoni."

Talal alimsogezea tende. Khulood hakuchukua. Alitazama sahani iliyobeba tende, kisha kabati la vioo nyuma ya kiti cha mwenyeji wake. Vikombe sita, visahani sita. Sahani nyeupe nne kabatini na hii moja mezani. Alikuwa na maradhi ya kuhesabu, hata mumewe alimcheka.

"Nieleze sahani yenyewe," alisema. "Nieleze kama mtu asiyejua lolote."

Kumbe Talal alikuwa na hotuba tayari. "Mwaka wa Mapinduzi, Unguja, babu yangu mzaa mama alitiwa kizuizini. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Hakuna barua iliyotoka wala mtu aliyeingia, ila Mwingereza mmoja, daktari wa serikali ya kikoloni. Watu wakimwita Daktari Mwavuli, maana mvua inye isinye, mwavuli anao. Wapiganaji nao walikuwa na majeraha, wakimhitaji, kwa hivyo kila kizuizi cha barabarani alipita. Basi akageuka tarishi. Akimpelekea babu zafarani ndani ya chupa ya dawa, na babu akiandika kombe: aya za Qur'ani pembeni mwa sahani, na katikati maneno yake kwa watu wa nyumbani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Daktari akifika kizuizi cha barabarani anasema, 'Hii dawa ya mgonjwa.' Nani angethubutu kumwagia maji maneno ya Mungu mbele ya wenzake? Nyumbani wakiisoma, wakiiosha, maji yake wakiyanywa. Ushahidi ukiishia tumboni."

"Na hii haikunywewa."

"Hii ya mwisho. Mama ameiweka miaka sitini. Kesho asubuhi binti wa daktari anateremka kwenye meli ya watalii, Bandari ya Sultan Qaboos. Nimealika watu arubaini, Bi Khulood. Nimealika watu wa magazeti. Niwaonyeshe nini, soksi?"

"Wewe umewahi kuiona hiyo sahani?"

"Tangu nnazaliwa imo ndani."

"Sikuuliza imo wapi. Nimeuliza umeiona?"

Talal alitazama dirishani. "Imefungwa kwa kitambaa, ndani ya kisanduku. Mama hataki iguswe na asiye na udhu, na mwenye udhu naye anamfukuza. Lakini kombe ni kombe. Sahani nyeupe, maandishi ya zafarani."

"Hapa zafarani iko wapi?"

"Ameiosha kwanza."

"Ameiosha, ameivunja, halafu vipande akavitia kwenye soksi yake mwenyewe ili uvione."

"Watu hawa wana akili zao."

Khulood alifunga kalamu taratibu sana. "Watu gani?"

Talal alisukuma mbele jalada la kijani, utepe wake haujafunguliwa, nakala za daftari la daktari alizotumiwa na yule binti wa daktari kwa ajili ya shughuli ya kesho. Khulood alilitia kwapani. Akavifunga vipande ndani ya gazeti, akavitia kwenye bahasha, akaandika tarehe, saa na jina la aliyemkabidhi.

"Pelagia yuko wapi?"

"Mahali pazuri. Pana AC."

"Bwana Talal."

"Bohari yangu, mtaa wa Ghala. Mpaka usiku tu."

"Mlango umefungwa kwa nje au kwa ndani?"

Upole wa Talal ulimwishia ghafla. "Ni mtumishi wangu! Viza yangu!"

"Viza ni yako, mtu si wako. Kumfungia ni kosa, na kumshikia pasipoti ni kosa la pili. Mpigie mtu wako afungue, la sivyo nitakwenda na gari ya polisi, na hao watu wako wa magazeti watakuwa na la kuandika kabla ya kesho."

Alipiga.

Ndani ya gari, Khulood alifungua jalada kabla ya kutia ufunguo. Mwandiko wa daktari ulikuwa mdogo, umenyooka kama foleni ya askari. Kila ukurasa sahani moja. Ya kwanza, ya bati, imepakwa nyeupe, mali ya wodi ya wanaume, imerudishwa. Ya pili vivyo hivyo, imerudishwa. Mpaka ya sita. Nchi inapinduka, watu wanazikwa bila ya sanda, na mkoloni yule anahesabu sahani za wodi! Kisha ukurasa wa mwisho wenye wino: *Sahani ya saba. Ya bati. Imepelekwa Jumatano. Irudishwe.* Baada ya hapo daftari lilikuwa tupu.

Akalifunga kwa kishindo. Bati ukilitupa kutoka ghorofa ya nne litabonyea, litabanduka rangi. Halitoi vipande kumi na vitatu. Aliyetia kaure kwenye soksi hakuwahi kuiona sahani, na asiyewahi kuiona ndiye yule aliyekuwa akimtolea hotuba.

Lakini hilo lilikuwa nusu ya jambo. Aliyevunja siye aliyechukua. Bati lilikuwa wapi?

Mtaa wa Ghala ulinuka mafuta ya gari na chuma kilichochomwa. Mtunza bohari, Yazan, alikuwa ameshafungua, akasimama kando ya mlango na kutazama viatu vyake. "Mimi nimeambiwa tu, ukhti," alisema. Khulood alimpita kama anavyopita nguzo.

Pelagia alikuwa amekaa juu ya maboksi ya marumaru, mgongo wima, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Mwanamke wa Bukoba, miaka thelathini na kitu, macho mekundu lakini makavu.

"Naitwa Khulood. Nimetumwa na Paulina."

"Paulina ana mdomo," Pelagia alisema. "Mungu ambariki."

"Uliigusa ile sahani?"

"Mimi ni Mkatoliki, dada. Bibi alinikataza siku ya kwanza, nikaheshimu. Kwetu nako kuna vitu vya altareni haviguswi na kila mtu."

"Lakini umeiona."

"Kila Ramadhani anaifungua, anaitazama, analia, anaifunga. Mimi namshikia taa."

"Ni ya nini? Kaure?"

Pelagia alikaza fundo la kitambaa chake. "Nimeulizwa mengi tangu juzi, dada, na sikujibu."

"Kwa nini?"

"Nimeapa."

"Kwa nani?"

"Sasa nikikwambia kwa nani, si nitakuwa nimeshasema?"

Khulood alivuta boksi, akakaa. Swali likigonga ukuta, huliendei tena kwa kichwa. Unazunguka nyuma ya nyumba. "Basi tuache sahani. Niambie Alhamisi, siku moja kabla hujaitwa mwizi, ulifanya kazi gani. Kazi tu."

"Kazi?" Pelagia alihesabu kwa vidole. "Asubuhi nilimwogesha Bibi. Nikampa uji. Dawa ya saa nne. Nikafua. Akanituma dukani marashi, nikaenda, nikarudi. Nikapika samaki..."

"Marashi gani?"

"Ya mawaridi. Chupa kubwa. Nikamwambia Bibi, ndogo ipo, akasema..."

Alijikatiza. Alijua ameteleza. Khulood hakuandika chochote. Katika nyumba za watu wake, kombe halioshwi kwa maji ya bomba kukiwa na mawaridi ndani ya nyumba.

"Hujavunja kiapo," Khulood alimwambia. "Umenitajia manunuzi."

Hapo ndipo hasira ya Pelagia ilipotoka, polepole, kama maji ya moto yanavyofurika sufuria. "Wachukue pasipoti. Wanipandishe hiyo ndege. Miaka sita nimemgeuza yule mama ubavu huu na ubavu huu asitoke vidonda, mtoto wake anakuja dakika tano anambusu mkono anaondoka. Sawa. Lakini jina la mwizi silitaki, dada! Mama yangu anakaa benchi la mbele kanisani. Nikirudi na jina hilo atakwenda kukaa wapi?" Akajipangusa kwa kiganja. "Na Bibi amekunywa dawa ya saa nne? Asipokumbushwa hanywi. Anasema amekunywa, muongo yule."

Nyumba ya Talal ilikuwa Azaiba, na Talal alikuwa ameshafika kabla yake. Alimsimamia mlangoni mwa chumba. "Mama amechoka."

"Hata mimi," Khulood alisema, akampita.

Bi Nasriya alikuwa kitandani, mwembamba kama uzi, amejifunga leso kichwani. Sauti tu ndiyo haikukonda. "Wewe wa kina nani, mwanangu?"

"Khulood binti Marhoon, Bi Nasriya. Babu alikaa Mkunazini."

"Yule mrefu wa meno ya dhahabu?"

"Huyohuyo."

"Alikuwa na maneno yule! Karibu. Hakuna wa kukutilia kahawa, Pelagia amekwenda kupimwa damu ya kibali cha ukaazi. Siku ya pili leo. Damu gani hiyo isiyokwisha kupimwa?"

Khulood aligeuka kumtazama Talal. Talal alitazama zulia.

Kwenye meza ya kitandani chupa za dawa zilikuwa zimesimama juu ya sahani. Khulood alizinyanyua moja moja, akazipanga juu ya shuka. Sahani ilibaki peke yake, nyeupe, ukingo wake umebanduka sehemu mbili ikaonekana kutu. Akaigeuza. Kwa chini, muhuri mweusi uliofifia: wodi ya wanaume, saba.

"Nyumba hii hata kikombe cha uani kina ukingo wa dhahabu," alisema. "Bati hili linatafuta nini hapa?"

"Mama?" Talal alisogea. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii. Siku ya nne leo iko chini ya dawa zangu, na kila asubuhi unakuja kunibusu mkono."

"Maandishi yako wapi?"

"Nimeyanywa."

"Watu arubaini, Mama! Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mgeni mmoja. Na sitaki kusema zaidi. Nendeni."

Khulood hakwenda. Alivuta kiti. "Bi Nasriya, Pelagia hapimwi damu. Tangu jana mwanao amemfungia bohari, Ghala. Ametia vipande vya sahani nyingine kwenye soksi yake. Leo usiku anampandisha ndege kama mwizi. Nimemuuliza mimi, ameulizwa na mwanao, hasemi. Amekuapia wewe, na wewe umelala hapa unauliza kahawa."

Mashine ya baridi ilikohoa. Bi Nasriya alijiinua kwa viwiko mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Talal."

"Nilifungua kisanduku nikakikuta kitupu. Nilidhani ameiuza, Mama. Nilidhani akitishwa atasema ilipo. Na wageni lazima waambiwe kitu."

"Ukaona umpe yeye awe kitu chenyewe." Hakupaza sauti. "Usinisimamie juu yangu. Kaa chini, usikie nlichokinywa."

Talal, dishidasha na pasi yake, alikaa zuliani.

"Yule daktari tulikuwa hatumpendi," Bi Nasriya alisema. "Kombe la bibi yangu alilimwaga kwenye ndoo ya hospitali, mbele ya wodi nzima, akasema wino hautibu. Huyohuyo ndiye aliyekuja kutubebea. Siku ya sahani ya saba alikuja Jumatano, jua kali, na mwavuli. Lakini asubuhi ile alitangulia mtu kutwambia Baba ameuliwa. Mama ameshaingia eda, hatoki. Nlipokea mimi, kwa upenyo wa mlango. Mama akasema, 'Kombe la maiti halinywewi. Liweke.' Nikaliweka, sikulifunua. Nlikuwa na miaka kumi na sita, mama amekataza. Daktari akasimama pale nje anangojea sahani yake ya wodi. Nikamwambia kwa ishara: kesho."

Alivuta pumzi.

"Nlilifunua siku ya arubaini. Baba hakuwa amekufa siku ile. Aliishi siku tisa zaidi. Na maneno hayakuwa yetu. Aliandika: *Daktari ameshajulikana. Ijumaa wanamngojea njia panda. Mwambieni asije tena. Hapa tunasikilizwa, siwezi kumwambia kwa mdomo, na haya yeye hajui kuyasoma. Someni nyinyi.*"

Talal alifunika uso.

"Alilichukua onyo lake mwenyewe mikononi, akaliteremsha mlangoni kwetu, na sisi tukalifunga kitambaa. Ijumaa wakamkamata. Walimvunja vidole, kimoja kimoja, daktari wa kupasua. Akarudi kwao, hakushika tena kisu. Hakujua mpaka anakufa. Na kesho mwanawe anakuja kutushukuru! Anakuja kunipa mkono! Mimi nimtolee sahani, ampe msomi amsomee?" Aligonga kifua kwa ngumi ndogo. "Nikamwapisha Pelagia kwa Bibi Maryam wake, nikainywa yote. Chungu, walahi. Miaka sitini, bado chungu."

Khulood hakumshika mkono. Alifungua jalada la kijani, akatafuta ukurasa. "Kuna neno la mwisho ameandika kuhusu sahani hii. Nikusomee?"

"Soma."

"'Irudishwe.'"

Bi Nasriya aliichukua sahani, akaiweka mapajani, akapitisha kidole pale palipobanduka.

"Basi itarudishwa," alisema. "Tupu. Maneno yake nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu, na hao watu arubaini wakitaka wasikilize. Akininyima mkono, ni haki yake." Akamgeukia mwanawe. "Mtu mmoja amevunjwa kwa kunyamaza kwangu. Wa pili nlikuwa namvunja toka Ijumaa na sijui. Pasipoti iko wapi?"

"Ofisini, Mama."

"Utakwenda kuichukua, kisha Ghala, wewe mwenyewe, si dereva. Umrejeshe."

"Kabla ya hapo," Khulood alisema. Akaitoa bahasha, akaimwaga juu ya gazeti, zuliani, mbele ya magoti ya Talal. Akaweka karatasi nyeupe na kalamu. "Kabatini mwako kuna vikombe sita na visahani sita. Sahani ni tano. Ya sita ndiyo hii. Andika kwa mkono wako nani aliivunja, nani aliitia kwenye begi, na kwamba Pelagia hakuchukua kitu. Nakala moja kwa wakili, moja kwake. Anza na: vipande vilikuwa kumi na vitatu."

"Mbele ya mama yangu?"

"Ulitaka Mungu awe shahidi. Leo una wawili zaidi."

Talal alishika kalamu. Bi Nasriya aliomba simu, na Khulood akampigia Yazan bohari ampe Pelagia simu, akaweka sauti ya wazi. Yakasikika makelele ya gereji, kisha pumzi ya mtu.

"Pelagia. Mimi Bibi. Kile kiapo, nimekufungua."

Upande wa pili Pelagia aliisogeza simu karibu.

"Dawa ya saa nne umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Bibi."

"Sijanywa. Wala ya jana."

"Nilijua." Sauti ikakwaruza, ikasimama tena. "Na jina langu, Bibi?"

Bi Nasriya aliinamia ukingo wa kitanda, akatazama mkono wa mwanawe juu ya karatasi.

"Linaandikwa sasa hivi," alisema. "Talal, mbona kalamu imesimama?"